UZI: Zile muvi za kale za Marekani za kuwatisha vijana na bangi zimesafishwa upya, na onyo lilikuwa geresha tu

Mzee wa Mikanda

Wakuu habari za muda huu. Leo tuachane kidogo na series za Kikorea, nataka nishushe uzi wa zile muvi za Marekani za miaka ya 1930 na 1940 za kuonya vijana, zile za ukivuta bangi mara moja tu kesho yake umeua mtu, ukitoka na mvulana usiku mmoja umerudi na mimba na kaswende kwa mpigo. Wengi wetu tuliziona YouTube vipande vipande, picha imefifia, sauti inakwaruza, tukacheka tukapita. Sasa kuna kampuni ya kulekule Marekani inaitwa Kino Lorber, tangu 2020 inazitoa moja moja kwenye Blu-ray, mfululizo wameuita Forbidden Fruit, na ukiziangalia zikiwa safi unaona wazi kwamba wale jamaa hawakuwa washamba walioogopa bangi. Walikuwa wafanyabiashara, tena wa mjini haswa, na lile onyo lenyewe ndilo lilikuwa geresha ya kuuzia tiketi.

Twende taratibu. Mwaka 1930 wakubwa wa Hollywood waliandika kanuni zao za maadili, Production Code, ila kwa miaka kadhaa zikawa za kwenye makaratasi tu mpaka Julai 1934 zilipoanza kukaziwa kwelikweli chini ya mkali mmoja Joseph Breen. Kuanzia hapo muvi ya studio kubwa lazima iwe na muhuri wa ofisi yake, kampuni mwanachama ikitoa au kuonyesha isiyo na muhuri faini dola 25,000, na hela hiyo enzi zile ilikuwa inanunua nyumba kadhaa. Biashara ya dawa za kulevya marufuku, magonjwa ya zinaa marufuku, elimu ya uzazi marufuku, mama anajifungua marufuku hata kwa kivuli. Na studio hizo hizo ndizo zilizokuwa zinamiliki majumba makubwa ya sinema mijini, kwa hiyo hata uwe na muvi yako ya pembeni huna pa kuionyesha.

Sasa we mkataze mtu kitu halafu uone nani anafungua duka mlango wa nyuma.

Hapo ndipo wakaingia jamaa waliokuwa wanajulikana kama Forty Thieves, wezi arobaini, na jina wala halikuwauma. Wanatengeneza muvi kwa hela ya mboga, wanatupia mikanda kwenye buti la gari, wanafika mji mdogo, wanakodi ukumbi wa mtu binafsi kwa bei ya mkupuo, halafu kila tiketi itakayouzwa ni ya kwao. Mabango yanapachikwa mji mzima. Kwenye buti wana nakala mbili za muvi ileile, moja ya moto na moja ya baridi, wakikuta mkuu wa polisi na mchungaji wa pale ni wakali wanaonyesha ya baridi, wakikuta mambo yamelegea wanaonyesha ya moto. Na ikitokea watu wameona ya baridi wakaanza kunung'unika kwamba mbona kilichoandikwa kwenye bango hakipo, kuna kipande kingine pembeni cha wanawake watupu kisichohusiana hata kidogo na hadithi, kinapachikwa mwishoni watu waende nyumbani wameridhika.

Halafu kila muvi inaanza na maandishi marefu kwamba ndugu mtazamaji, tunakuonyesha uchafu huu ili uutambue na uukomeshe kabla haujafika kwa mwanao. Msomaji hasa wa yale maandishi alikuwa hakimu, siku kesi ikifika mahakamani.

Naendelea, msikae mbali.

Chausiku_B

Nimekaa siti ya mbele kabisa, shusha mkuu.

Mwanatumu wa Pwani

Mie hiyo ya bangi niliitazama zamani, kuna kijana anacheka mpaka unamuogopa. Endelea kaka.

Mzee wa Mikanda

@Mwanatumu huyo ndiye Ralph dada yangu, tunamfikia sasa hivi.

Reefer Madness, 1936. Jina alilozaliwa nalo ni Tell Your Children, na aliyeiongoza, Louis Gasnier, siyo wa kuokotwa, ni Mfaransa aliyeshiriki kuongoza The Perils of Pauline ya 1914, ile ya vipande vipande iliyotamba enzi za muvi bubu. Zaidi ya miaka 20 baadaye mzee wa watu kashuka mpaka huku. Muvi ikaangukia mikononi mwa Dwain Esper, huyu mtu mshike jina tutamrudia, akaikatakata akaongezea vipande vya kuvuta macho, akaanza kuizungusha. Ikatembea kwa majina kibao, The Burning Question, Dope Addict, Doped Youth, Love Madness, na ukiwaza kidogo unaelewa kwa nini, mji ulioshaiona kwa jina hili unauziwa tena kwa jina lile.

Hadithi yenyewe anaisimulia mkuu wa shule, Dokta Carroll, kasimama mbele ya mkutano wa wazazi kakunja sura. Kuna wapenzi wawili, Mae na Jack, wanauza misokoto kwenye apatimenti yao na kuwavuta wanafunzi waje kucheza muziki. Kijana mmoja mwema anaitwa Bill, ana mchumba wake Mary. Mdogo wake Mary anaendesha gari kashavuta, anamgonga mtu mtu anakufa. Bill anavuta, analala na mwanamke anaitwa Blanche. Mary anakuja kumtafuta, yule Ralph wa kucheka anataka kumbaka, Bill anatokea chumbani kichwa kimejaa maluweluwe, fujo inazuka, bastola ya Jack inafyatuka Mary anakufa, na wanamwekea Bill bastola mkononi ili ajue ni yeye. Bado. Ralph anampiga Jack mpaka anamuua, Blanche anajirusha dirishani, Ralph anapelekwa hospitali ya vichaa maisha. Yote hayo ndani ya saa moja na dakika chache! Halafu Dokta Carroll anawageukia wazazi kwamba waambieni watoto wenu, na mwisho kidole kinakuja moja kwa moja kwako uliyekaa unaangalia.

Ile ya piano mnaijua wengi. Blanche kakaa kwenye piano anapiga, Ralph pembeni anavuta kwa pupa macho yamemtoka, anamwambia piga haraka, haraka zaidi, Blanche anaongeza mwendo, naye anataka zaidi, mpaka vidole na uso wa Ralph vinaenda mbio pamoja. Mwigizaji anaitwa Dave O'Brien. Watu wanamcheka kwamba hajui kuigiza, mimi nabisha. Hebu iangalie kwenye nakala safi ukiwa na taa umezima, jamaa katumwa kuigiza mtu anayepasuka kutoka ndani na kafanya kazi aliyotumwa. Kuna mpiga piano mwingine mwanzoni kule kwenye mgahawa wa vijana, Hot Fingers, anakimbilia kujifungia kastoo kuvuta kwa haraka halafu anarudi kupiga, huyo ndiye wa kuchekesha.

Kilichoifufua sasa ndiyo utamu. Muvi ilikuwa imeshasahaulika, na karatasi za haki miliki zilikuwa hazijakaa sawa kwa hiyo ikawa mali ya umma. Mwaka 1972 Keith Stroup, mwanzilishi wa NORML, kikundi cha kudai bangi isiwe kosa la jinai, akaikuta kwenye hifadhi ya Library of Congress, ile maktaba kuu ya taifa lao, akanunua nakala kwa dola 297, akaanza kuionyesha vyuoni kuchangisha hela za kikundi. Vijana wanacheka wanakatika mbavu, hela inaingia, hela inaenda kutetea bangi. Robert Shaye wa New Line Cinema, kampuni ikiwa bado changa, naye akaichukua akaisambaza vyuo vikuu. Yaani muvi ya kupinga bangi ikageuka kuwa mlipa kodi wa watetezi wa bangi.

Kamaa_254

Mzee swali. Huyo Anslinger wa serikali yao si alikuwa anasema bangi ni ya Wamexico na wanamuziki weusi? Mbona kwa hii muvi wote ni wazungu tupu, vijana wa familia poa, suti na tai? Ama nimeangalia vibaya.

Mzee wa Mikanda

Umeangalia vizuri kabisa kaka. Harry Anslinger ndiye aliyekuwa bosi wa Federal Bureau of Narcotics, idara ya serikali yao ya kupambana na dawa za kulevya, tangu ilipoanzishwa 1930, na propaganda zake zilijaa Wamexico na watu weusi kweli. Ila hawa wauza tiketi walikuwa wanajua anayelipa ni nani. Mzazi wa kizungu wa mji mdogo ukimwambia bangi iko huko kwa wengine anasema Mungu awasaidie, anaenda kulala. Ukimwambia iko ghorofani mtaa wa pili na binti yako kashakaribishwa kucheza muziki, huyo anatoa hela.

Na kuna hadithi inazungushwa sana mitandaoni kwamba Reefer Madness ndiyo ilileta sheria ya bangi ya 1937. Hapana. Ile Marihuana Tax Act ilisainiwa Agosti 1937, na mwezi mmoja kabla makala ya Anslinger ilikuwa imetoka kwenye jarida la American Magazine ikisema bangi ni muuaji wa vijana, na mwaka huohuo kukawa na muvi inaitwa Assassin of Youth, jina lilelile! Magazeti ndiyo yalikuwa yanachemsha, wauza tiketi wakaja na sahani.

Chausiku_B

Haya tupe huyo Esper.

Mzee wa Mikanda

Esper. Huyu ndiye mpigaji namba moja, na muvi zake ndizo mimi nazipenda kuliko zote ingawa siwezi kusema ni nzuri. Alikuwa anafanya kazi na mke wake Hildegarde Stadie, mama anaandika, baba anaongoza na kuuza. Narcotic ya 1933 ni ya daktari anayeangushwa na kasumba, Maniac ya 1934 hiyo sitaki hata kuieleza, Marihuana ya 1936, na Sex Madness ya 1938 ya kaswende.

Marihuana ni ya msichana anaitwa Burma. Sherehe ya ufukweni, misokoto inazunguka, wasichana wanaingia baharini bila nguo, mmoja anakufa maji, Burma anapata mimba, mvulana wake anapigwa risasi kwenye magendo, mtoto anatolewa akalelewe, Burma mwenyewe anakuwa muuzaji mkubwa, na mwishoni anateka mtoto wa dada yake ili adai hela kumbe ni mwanawe wa kumzaa. Hadithi ya machozi kabisa ile, ungeiweka redioni mama zetu wangelia. Ila bango lake halikusema neno la machozi, lilikuwa linapiga kelele za sherehe za ajabu na tamaa zilizofunguliwa minyororo. Angalia dakika ngapi kamera inakaa ufukweni na ngapi inakaa kwenye majuto, utapata jibu muvi ilitengenezwa kwa ajili ya nini.

Sasa ya Narcotic. Kulikuwa na jambazi mmoja wa treni anaitwa Elmer McCurdy, aliuawa Oklahoma 1911. Mzika maiti akamkausha kwa dawa yenye arseniki, ndugu hawakutokea, akamsimamisha kumuonyesha watu kwa senti. 1916 wakaja watu wakasema sisi ndugu zake, kumbe ni watu wa maonyesho, wakaondoka naye. Akatembea matamasha miaka na miaka, akaangukia kwa Louis Sonney aliyekuwa na maonyesho ya wahalifu, na Esper alipokuwa anazungusha Narcotic akamchukua akamsimamisha kwenye lango la ukumbi, anawaambia watu huyu ni mteja wa dawa za kulevya aliyefia kwenye uteja, tazama ngozi yake ilivyokuwa. Mtu aliyekufa kwa risasi! Unakata tiketi, unapita mbele ya maiti ya kweli, ndipo unaingia kukaa.

Haikuishia hapo. 1976 watu wa kipindi cha The Six Million Dollar Man wanarekodi kwenye nyumba ya mizimu ya bustani ya michezo Long Beach, California, mmoja anasogeza sanamu lililoning'inizwa, mkono unakatika, ndani kuna mfupa. Ndiye yeye. Mdomoni wakamkuta na senti ya 1924 na vishina vya tiketi za maonyesho ya Sonney. Alizikwa 1977 huko Guthrie, Oklahoma, na juu ya jeneza wakamwaga zege asije akachukuliwa tena.

Mwanatumu wa Pwani

Subhanallah. Zege!

Kamaa_254

Aki hiyo stori ya mkono ndiyo ingefaa kuwa muvi, siyo hiyo Narcotic.

Mzee wa Mikanda

Nawapa sasa mkubwa wao wote kwa hela, Kroger Babb, na muvi yake Mom and Dad ya 1945. Iliongozwa na William Beaudine, mzee aliyekuwa anapiga muvi kwa mwendo wa daladala ya mwisho, na imeandikwa na Mildred Horn ambaye alikuwa mke wa Babb.

Msichana anaitwa Joan, mama yake mcha Mungu hataki asome kitabu chochote cha mambo ya mwili. Anakutana na rubani kijana, mambo yanatokea, rubani anakufa kwa ajali ya ndege, msichana anabaki na mimba na hajui pa kuanzia. Mwalimu aliyekuwa anafundisha mambo hayo shuleni alishafukuzwa kazi. Baadaye anarudishwa, na hapo hadithi inasimama inakuwa darasa, kinawekwa kipande cha mama anajifungua kweli, upasuaji kweli, vidonda vya magonjwa ya zinaa kweli. Hicho ndicho watu walichofuata.

Ila onyesho lenyewe lilikuwa ukumbini. Wanawake peke yao mchana na jioni, wanaume peke yao usiku. Langoni wamesimama manesi wenye sare nyeupe eti kwa ajili ya watakaozimia, na wengine walizimia kweli. Katikati taa zinawashwa, anapanda jukwaani Elliot Forbes, mtaalamu mashuhuri wa afya, anatoa mhadhara wa heshima halafu anatoa vitabu viwili, kimoja cha wanaume na kimoja cha wanawake, dola moja kila kimoja, na manesi wanapita kwenye viti kukusanya. Elliot Forbes hayupo! Ni jina tu, Babb alikuwa na kina Elliot Forbes kibao wanaongea usiku mmoja kwenye miji tofauti. Kwenye majumba ya watu weusi alimweka Jesse Owens, huyuhuyu wa medali nne za Berlin 1936, maana ndiyo kazi aliyoweza kupata bingwa yule baada ya kushangiliwa na dunia nzima. Hapo huwa nacheka halafu nanyamaza.

Jirani wa Ohio

Mkuu mimi niko Columbus, Wilmington alikokuwa na makao Babb ni mwendo wa kama saa moja kwa gari. Mji mtulivu wa mashamba, ukipita huwezi kudhani ndio kulikuwa na ofisi ya kusambaza mikanda ya watu wanajifungua Marekani nzima. Endelea.

Mama Nesi

Wanangu nimesoma kimya tangu mwanzo ila hapa lazima niseme. Mimi nimekaa wodi ya wazazi na kliniki ya akina mama miaka mingi, na wewe Mzee wa Mikanda unasema geresha, geresha, kama vile walioingia mle ukumbini walikuwa wote wamefuata uchafu. Jiulize yule mwanamke wa mji mdogo mwaka 1945 angejua wapi. Mwaka 1934 Thomas Parran, huyo alikuwa kamishna wa afya wa jimbo la New York siyo mtu mdogo, alitakiwa kuzungumza kwenye redio ya CBS, wakamwambia kaswende asiitaje kwa jina, akakataa kuzungumza. Kama daktari mkuu anazuiwa kutaja ugonjwa redioni, na sinema kubwa hairuhusiwi kuonyesha hata mtoto anazaliwaje, basi huyo tapeli mwenye kitabu cha dola moja ndiye aliyebaki. Nimeshaona binti anafika leba hajui mtoto atatokea wapi, siyo hadithi. Mtu wa namna ile ningempa hata dola mbili akanunue.

Mzee wa Mikanda

Shikamoo mama. Hoja nzito hiyo na ya Parran naiweka kichwani. Na mahakama ya rufaa jimboni New York ilishasema kitu kinachokuunga mkono, 1956, kwamba kuonyesha binadamu anazaliwa siyo uchafu kwa hiyo muvi isizuiwe kwa sababu hiyo. Halafu 2005 Library of Congress ikaiingiza Mom and Dad kwenye National Film Registry, orodha ya muvi za kuhifadhiwa milele, kule iko pamoja na zile kubwa tunazozijua.

Ila mama nibaki kidogo na msimamo wangu. Babb hakuwa na shida na ukweli, ukweli ulikuwa unauzika akauuza. Ungekuwa hauuziki angeuza kingine, na alikiuza, nitakuonyesha sasa hivi. Ndiyo maana mimi sizitazami zote kwa jicho moja, Mom and Dad geresha ilibeba mzigo wa maana ndani, Marihuana ukifungua kasha hukuti kitu zaidi ya ule ufukwe.

Mama Nesi

Marahaba mwanangu. Huo ufukwe mimi siutaki, tuko pamoja hapo tu.

Mzee wa Mikanda

Hicho kingine ni hiki. Septemba 1948 polisi wa Los Angeles wanavamia nyumba kule Laurel Canyon, wanamkamata Robert Mitchum, stelingi mkubwa kabisa, na msichana mwigizaji chipukizi Lila Leeds, na misokoto. Wote wakahukumiwa siku 60 jela. Mitchum akatoka akaendelea na muvi zake kama vile alikuwa likizo, studio ilikuwa inamhitaji. Lila Leeds hakuna aliyempokea. Kazi aliyopata ni muvi moja ya kuonya vijana na bangi, 1949, akiigiza msichana anayeharibiwa na bangi, yaani anajiigiza mwenyewe. Ikatoka kwa jina la Wild Weed haikufanya vizuri, Babb akaichukua akaibandika jina la She Shoulda Said No na mabango ya kisa cha kweli cha Lila Leeds, na sura ya yule dada kwenye bango. Kwenye nakala safi unamuona vizuri, msichana wa miaka 21 mzuri kwelikweli anayejua kuigiza kuliko muvi inavyostahili. Hii ndiyo muvi kwenye kundi hili nisiyoweza kuicheka.

Biashara yenyewe ilikufa kwa sababu Hollywood ilianza kuingia humo humo. 1955 ikatoka The Man with the Golden Arm bila muhuri, Frank Sinatra anaigiza teja wa heroini, ikapata watu, 1956 kanuni zikalegezwa dawa za kulevya zikaruhusiwa kuonyeshwa. Sasa kama Sinatra yuko ukumbi mkubwa na kiti cha sponji, nani aende kwa Esper?

Kuhusu usafishaji. Mikanda ya enzi zile ilikuwa ya naitreti, inashika moto kwa urahisi na inaoza, na muvi hizi hazikuwa na studio ya kuzitunza ghalani. Zaidi ya hapo kila bodi ya ukaguzi ya jimbo ilikuwa inakata vipande vyake, na baada ya hapo wenye projekta nao wanakata vya kwao kupeleka nyumbani, kwa hiyo nakala iliyobakia Texas ina shimo hapa na ya Ohio ina shimo kule. Aliyeziokoa nyingi ni Mike Vraney wa Seattle, alianzisha Something Weird Video 1990 akawa anafukua maghala na kuuza kanda za VHS, akisaidiwa na David Friedman ambaye alikuwa mmoja wa wapigaji wenyewe wa zamani na aliwahi kufanya kazi na Babb. Vraney alifariki 2014. Kino wamechota kwenye hazina hiyo, na kuna maelezo ya sauti ya watu wanaojua historia, hayo msiyaruke, mara nyingine yana utamu kuliko muvi.

Kinachokosekana nyumbani ni ukumbi. Hizi muvi ukizikalia peke yako sebuleni unaona zina mashimo, mara stelingi anaongea na kamera, mara hadithi inasimama ghafla bila sababu, unasema hawa hawajui kazi. Zilitengenezwa hivyo makusudi, pale iliposimama ndipo mtu wa kweli alipopanda jukwaani. Waliokulia kwenye vibanda umiza wananielewa haraka, muvi ya Kichina bila kina Lufufu kuitafsiri na kuitia chumvi ni nusu ya muvi.

Usambara Boy

Mkuu ngoja niongeze ya kwetu maana miaka ni hiyohiyo. 1935 hadi 1937 hapa Tanganyika, Vugiri milimani Tanga, kulikuwa na mradi wa picha za kufundisha, Bantu Educational Kinema Experiment, wa baraza la wamisionari, akiusimamia Meja Notcutt, na hela ilitoka Carnegie Corporation ya New York. Walikuwa wanapiga picha za afya, kilimo, kuweka akiba posta, wanazitembeza na lori lenye projekta vijijini, na maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine yanatoka kwenye santuri. Fikiria Mmarekani huyohuyo, kwao anaenda kuona Burma anaogelea, kwetu anatoa hela tuonyeshwe safura.

Kamaa_254

😂😂 Safura bila ufukwe.

Mzee wa Mikanda

@Usambara Boy hiyo ianzishie uzi wake bana, usiiache hapa kwenye komenti.

Chausiku_B

Mzee sisi tuzipateje na hela zetu hizi, na nianze na ipi?

Mzee wa Mikanda

Angalizo kwanza kabla hujatuma hela. Blu-ray za Kino ni za kanda A, Marekani, na Afrika tuko kanda B, deki yako ya kawaida itakataa kuisoma. Tafuta deki inayosoma kanda zote au mwombe ndugu aliyeko kule aje nayo pamoja na diski. Reefer Madness ni mali ya umma kwa hiyo kuitazama bure mtandaoni siyo wizi, shida ni ubora tu. Kuna ile ya 2004 iliyotiwa rangi na Legend Films, moshi wa kila mvutaji wameupa rangi yake, wa kijani, wa zambarau, ni ya kuchekea na marafiki siku ya pili, siku ya kwanza angalia ya nyeusi na nyeupe.

Mpangilio wangu: Reefer Madness, halafu She Shoulda Said No, halafu Mom and Dad ukiwa na muda wa kusikiliza maelezo. Ya kujifungua usiiwekee watu wakiwa wanakula. Marihuana na Narcotic ziko pamoja kwenye diski moja, hizo za mwisho. Sex Madness waachie wenye subira, ni mahubiri mwanzo mwisho.

Mama Nesi

Mwanangu hiyo Mom and Dad ikifika kwako nitumie, nataka nione hao manesi wao walivaaje.

Mzee wa Mikanda

Manesi hawamo kwenye muvi mama, walikuwa wanasimama langoni na wengi hata unesi hawakusomea. Ila diski nakutumia.